Kadi ya Najib

Acocks Green, Birmingham
2 Septemba 2024

Mjomba wangu Aden,

Assalaam alaykum. Barua hii ameibeba Fosia, jirani yetu, anayekuja Nairobi kumwona mamake kisha apitie Isiolo. Nimemwapisha aikabidhi mikononi mwako, asiiache kwa mtu. Masikio yamefikia wapi? Mama Najib aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi hata adhana huisikii mpaka akuguse bega. Pole sana, mjomba. Nilikuwa nataka tuzungumze kwa simu, lakini ameniambia ukishikishwa simu unaitazama tu.

Sisi hatujambo. Mke wangu Nimo bado anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha, na akirudi huwa miguu imemvimba. Watoto wamekua. Nikiwasemesha Kiswahili wanaelewa kila neno lakini wananijibu Kiingereza, na nikikasirika wananituliza kwa Kiingereza hichohicho. Mimi niko kwenye basi langu, mwaka wa kumi na moja sasa, nawashusha watu Alum Rock na mifuko yao ya mchele.

Sasa nije kwa lililonikalisha niandike. Unajua kila Jumamosi nafundisha vijana mpira. Tulianza tukiwa na wachezaji tisa na mpira mmoja uliovimba upande, leo tuna timu tatu na jezi za rangi moja. Kuna chuo hapa mjini kinachotafuta kocha wa timu ya wanafunzi, wa kuajiriwa kabisa, si wa kujitolea. Mkuu wa michezo pale ni mama anayeitwa Jasbir, wazazi wake ni Wahindi wa Nairobi. Alitoka kwake Sutton Coldfield mara tatu kuja kututazama, mara ya tatu mvua ikimnyeshea, akaniambia, "Lete maombi."

Mjomba, nina miaka arobaini na miwili. Sijawahi kulipwa kwa kitu ninachokijua. Nimo alipoona lile tangazo alifurahi mpaka akalia, na mimi nikajifanya natafuta ufunguo.

Kwenye fomu waliuliza nilichezea wapi. Nikaandika: chuo cha ualimu, Kenya, misimu miwili, fainali ya vyuo, bao moja. Wanataka barua ya mwalimu wa michezo wa wakati ule, na mwalimu huyo ni wewe. Mistari mitano inatosha. Andika kwamba nilicheza, andika nilikuwa mchezaji wa namna gani, tia sahihi. Mengine hayana haja.

Nisalimie Mama Najib. Na binamu yangu Najib mkionana.

Mpwa wako,
Tahlil


Isiolo
11 Oktoba 2024

Mpwa wangu Tahlil,

Waalaykum salaam. Fosia wako alifika. Alipiga hodi mpaka akachoka, na mimi nimeketi hatua tatu kutoka mlangoni nasoma gazeti. Ni mbuzi waliomshtua Mama Najib. Sasa huyo binti ataenda kusema Birmingham kwamba mjomba wako ana kiburi.

Simu nimewaachia wenyewe. Sauti yake siipati, na maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Barua naipenda. Tena nashukuru Kiswahili chako bado kinasimama. Nilifundisha somo hilo miaka thelathini, na ningeona haya kama mwana wa dada yangu angeniandikia mchanganyiko.

Mvua ya vuli imechelewa. Mama Najib goti linamsumbua lakini hakubali kupumzika. Kila baada ya miezi miwili anapanda gari kwenda Merti kwa Najib, hukaa wiki nzima, hurudi na nyama ya kukaanga ya nyirinyiri kopo zima. Mimi hubaki na mbuzi. Najib nasikia hajambo. Anatengeneza pampu za visima, na nasikia kisima kikikwama hata mbali huko wanamtafuta yeye kwanza.

Umeniambia una timu tatu, hukuniambia unawafundisha nini. Siku ya kwanza unawapa mpira au unawanyima? Mimi niliwanyima nyinyi wiki nzima, mkaninunia kama wake wenza. Na mchezaji wako akikosea mbele ya watu, unamfanya nini? Unamtoa palepale, au unamwachia dakika kumi? Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa mwepesi wa kumtoa mtu. Nilidhani ndio ukocha. Siku hizi nikiwa na mbuzi nawaza sana mambo hayo, na mbuzi hawana maoni.

Hiyo barua ya chuo nimeiona. Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Nitaijibu. Kwa sasa karatasi zimeniishia.

Wasalimie Nimo na watoto, uwaambie wanijibu kwa Kiswahili.

Mjomba wako,
Aden


Acocks Green
9 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Nimo ana mafua, mimi mzima.

Mjomba, umenijazia kurasa tatu halafu ukaniambia karatasi zimekuishia. Jamani!

Nakujibu. Siku ya kwanza nawanyima mpira, kama ulivyotufanyia, na wananuna vilevile. Mchezaji akikosea simtoi. Namwambia asimame pale alipokosea, acheze pale pale mpaka atulie. Hilo sikujifunza kwako, usikasirike.

Mahojiano yalipita vizuri kuliko nilivyoota. Walikuwa watu watatu mezani. Mmoja aliniuliza nitafanya nini timu ikifungwa mechi tano mfululizo, nikamwambia nitawafundisha ya sita. Wakacheka. Jasbir alinisindikiza mpaka nje akasema kilichobaki ni barua tu, na mwisho ni tarehe kumi na saba Januari. Bila barua wanamchukua mtu wa pili.

Sasa, kama kinachokuzuia ni ile habari ya kadi, tuseme wazi mimi na wewe. Ndiyo, sikuwa mwanafunzi. Alama zangu za mtihani hazikufika, za Najib zilifika. Nilicheza kwa kadi ya Najib na jina la Najib, na jezi ulinipa wewe kwa mkono wako. Nilikuwa mamluki. Lakini nani hakuwa na mamluki miaka ile? Vyuo vyote vilikuwa vikitoa watu mitaani na kuwavika majina ya wanafunzi, na marefa walijua, na wakuu wa vyuo walijua. Aliyekimbia uwanjani ni mimi. Bao ni langu. Simwibii mtu.

Nakuomba uandike jina langu tu, la Najib uliache. Yeye aliacha ualimu kwa hiari yake, amepata kazi yake na heshima yake, hana hasara. Mimi hasara ninayo, na tarehe yake ninaijua.

Tafadhali, mjomba. Sijakuomba kitu tangu niondoke.

Tahlil


Isiolo
14 Desemba 2024

Tahlil,

Waalaykum salaam. Mama Najib anakusalimu. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Umeandika kwamba Najib aliacha ualimu kwa hiari yake. Nani alikuambia? Nilikuambia mimi, kwenye simu, ukiwa bado Uholanzi. Nakumbuka uliniuliza tu kama mvua imenyesha.

Sikiliza sasa yalivyokuwa. Siku nne baada ya fainali, wale tuliowafunga walikata rufaa. Walikuwa na picha yako ukishangilia, na walikuwa na picha ya kadi. Ndiyo maana nilikukimbiza Nairobi asubuhi ile nikakuambia ubalozi wa Uholanzi umekuita. Hakuna ubalozi uliokuita. Viza ilitoka wiki mbili baadaye. Nilitaka usiwepo ukaulizwa.

Kamati iliketi ofisini kwa mkuu wa chuo. Wakaniuliza, "Mwalimu Aden, ulijua kwamba kijana aliyekuwa uwanjani si mwanafunzi?" Nikasema sikujua. Nikasema mwanangu alimpa binamu yake kadi kwa siri, na mimi kwa wingi wa kazi sikutazama sura. Misimu miwili, Tahlil! Kijana analala nyumbani kwangu, anakula sahani moja na mimi, nikasema sikutazama sura yake.

Najib alikuwa amesimama karibu na kabati la vikombe. Wakamgeukia. Yeye hakuwatazama wao, alinitazama mimi, akangoja. Nadhani alinipa nafasi. Nilipotazama chini akasema, "Ni kweli, nilimpa mimi." Walimfukuza akiwa amebakiza muhula mmoja. Mimi nilibaki kazini mpaka nikastaafu, nikaagwa kwa keki na hotuba. Mkuu alisema mimi ni mtu wa kuigwa, na watu wakapiga makofi. Najib hakuja.

Kumbuka kadi hiyo hakuitoa kwa kupenda. Nilimwambia leta, akaleta. Misimu miwili mwanangu alikaa na watazamaji akisikia uwanja mzima unaita jina lake, na si yeye. Sikuwahi kumuuliza ilikuwaje.

Sasa unaona kwa nini karatasi ziliisha. Ukinitaka niandike kwamba ulichezea timu yangu, unanitaka niandike kwamba nilijua.

Basi nimeandika. Imo humu kwenye bahasha ndogo, imeelekezwa kwa huyo Bi. Jasbir. Inasema Tahlil alichezea timu yangu mechi kumi na saba kwa kadi ya mwanangu Najib, kwamba kadi niliitoa mimi, na kwamba mbele ya kamati nilisema uongo. Inasema pia ulikuwa winga bora niliyewahi kumfundisha, kwa kuwa hilo nalo ni kweli. Kama itakupa kazi au itakunyima, sijui. Ya namna nyingine siwezi kuiandika tena.

Nakala nilimpelekea Najib mwenyewe. Kabla ya hapo sikuwa nimefika kwake Merti hata siku moja. Aliisoma amesimama, mikono ina grisi. Nilimwona uso ukilainika. Kisha akafika chini, akaona Birmingham, akaona kazi. Alinipigia kelele mpaka hata mimi nikasikia neno kwa neno: "Miaka ishirini na moja, Baba! Kwa ajili yangu hukuandika. Tahlil ametaka kazi, umeandika!" Akanirudishia karatasi. Nililala msikitini, asubuhi nikapanda gari la kurudi.

Mjomba wako,
Aden


Acocks Green
19 Januari 2025

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Nimo alinikuta nimeketi kwenye ngazi na barua yako mkononi, akadhani umefariki.

Nikisema sikujua, nitakuwa nimesimama mahali pako mbele ya kamati ile. Nilijua nusu. Mtu haachi chuo akiwa amebakiza muhula mmoja, hata mtoto anajua. Uliponiambia Najib ameacha, swali lilifika hapa mdomoni, nikaona nikiliuliza utanijibu. Ndipo nikauliza mvua. Baadaye nikaenda majaribio kwenye klabu kule Uholanzi, goti likaharibika wiki ya pili, na nikajiambia basi, Mungu ametugawia sote sawasawa mimi na Najib. Nilijionea huruma miaka mingi kwa hesabu hiyo. Naona haya kuiandika.

Tarehe kumi na tano nilikwenda kwa Jasbir. Bahasha yako ilikuwa mfukoni lakini sikuitoa. Nilimweleza kwa mdomo wangu, kadi, jina, kamati, yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Kama mjomba wako angekuandikia ile mistari mitano uliyoitaka, ungeniambia haya?"

Nikasema, "Hapana."

Akasema ningesema ndiyo, pengine angejaribu kunitetea, na asingejua namwongopea. Akasema kwa fomu ile, mwaka huu hawezi kupeleka jina langu mbele, na mwaka ujao kama nafasi itakuwepo nilete fomu nyingine, yenye mambo yaliyotokea. Alinipa mkono. Akaniambia "Pole, kaka," kwa Kiswahili cha mamake. Kazi imekwenda kwa mtu wa Coventry.

Imeniuma, mjomba. Sitaki ufikiri mimi ni malaika. Nilirudi kwenye basi nikapita kituo kizima abiria wakinigongea kengele. Nimo hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Jumamosi nilikuwa uwanjani. Kabla ya mechi refa hukagua kadi, mchezaji mmoja mmoja, na mimi husimama kando yake nikisoma majina. Nimeisoma orodha hiyo kila Jumamosi kwa miaka saba. Safari hii nilimpa refa orodha aisome mwenyewe, vijana wakadhani nina mafua ya Nimo.

Nakurudishia barua yako. Najib amesema kweli. Iandike upya. Toa Birmingham, toa Jasbir, toa sifa zangu za winga, sizitaki humo. Iende kwa chuo kile, kwa mkuu aliyepo sasa, na iende kwa Najib, kwa ajili ya Najib peke yake. Nimeambatisha na yangu. Nimeandika kwamba nilicheza kwa jina lake nikijua, na kwamba sikumuuliza kitu tangu siku hiyo mpaka leo. Mpelekee zote mbili. Akizichana, azichane.

Mpwa wako,
Tahlil


Isiolo
22 Machi 2025

Mpwa wangu Tahlil,

Waalaykum salaam. Ramadhani imetupata salama na joto lake. Mama Najib anafunga na goti lake, mimi nafunga na hasira zangu, na hakuna anayelalamika kabla ya magharibi. Ile kazi imenihuzunisha kuliko ninavyoweza kukwambia. Ungekuwa kocha mzuri pale. Lile la kumwacha mchezaji asimame mpaka atulie, mimi sikulijua, na nilikuwa na miaka thelathini ya kulijua.

Nimeandika upya kama ulivyotaka. Ya chuo nimeituma kwa posta ya rejista. Hawajajibu, na mkuu wa sasa huenda alikuwa shule ya msingi wakati ule, lakini itakaa kwenye faili lao. Ya Najib niliipeleka kwa mkono, pamoja na yako.

Alikuwa chini ya gari, anafungua bomba. Alitoka, akafuta mikono, akachukua karatasi zote mbili akaenda kusomea upande wa pili wa ua, amenipa mgongo. Yako aliisoma mara mbili, akaikunja akaitia mfukoni. Yangu aliisoma muda mrefu, kisha akarudi kwangu na kusema kitu. Sikumsikia. Akakirudia, sikumsikia. Nikampa kalamu.

Akaweka karatasi juu ya boneti. Akakata "kumi na saba," akaandika "kumi na sita." Pembeni akaandika hivi, nanakili neno kwa neno: "Mechi ya kule Chuka nilicheza mimi. Tahlil alikuwa na malaria. Tulishinda, na bao la pili nilifunga mimi."

Tahlil, mimi ndiye niliyekuwa kocha. Nilisimama pembeni ya uwanja huo dakika tisini. Hapo penye gari, mbele ya mwanangu, nilijaribu kumkumbuka akiwa amevaa jezi, na nimejaribu tena kila siku tangu nirudi. Nakumbuka uwanja ule ulikuwa na mteremko. Nakumbuka refa alikuwa kijana mnene. Najib simpati kabisa, na bao alifunga!

Wewe ulikuwa kitandani, hata kukuuliza siwezi. Barua ya chuo nimeituma nyingine kusahihisha, sasa inasema kumi na sita, na ya kumi na saba ni ya Najib Aden mwenyewe, mwanafunzi halali.

Nilichukua ile kalamu nikamwandikia chini ya maneno yake: "Nisimulie hiyo mechi." Alitazama maandishi yangu mpaka nikadhani atanirudishia karatasi kama siku ile. Akaandika: "Njoo baada ya Idd, uje na siku mbili. Nitaanza dakika ya kwanza."

Mjomba wako,
Aden